Maktaba ya Kiunoni

Yaliyompata Tunu Shemdoe katika nchi ya Huria yamesimuliwa na wengi, na wengi wameyatia chumvi. Hapa yatasemwa kama alivyoyasema mwenyewe, bila kuongeza kitu, maana yalikuja na chumvi yake.

Tunu alikuwa mwandishi wa programu, mwenyeji wa Lushoto. Kazi yake hata ndugu zake hawakuielewa: alikuwa akiandika maktaba ndogo ya C, lugha ya kuandikia programu, kwa ajili ya mifumo endeshi huria, ile ambayo kila mtu anaruhusiwa kuisoma na kuirekebisha. Maktaba ya namna hiyo si nyumba ya vitabu. Ni mkusanyo wa kazi ndogondogo ambazo programu haiwezi kuishi bila hizo: kupima urefu wa neno, kunakili, kupanga, kuomba nafasi ya kumbukumbu, kuandika kitu kwenye skrini. Programu ikitaka jambo kutoka kwenye kiini cha mfumo, huliomba kupitia maktaba, na maktaba ikiwa nzito, kila kinachoibeba kinakuwa kizito. Tunu alitaka nyepesi.

Namna alivyotoka kwenye kiti chake akajikuta Huria hakuwahi kuieleza vizuri, na waliomsikiliza hawakumbana, kwa sababu walikuwa na haraka ya kufika kwenye habari ya punda wa kijani.

Kitu cha kwanza alichokiona ni mlango wa nyumba ukifunguliwa, na wapagazi wakitoka mmoja mmoja, wamebeba sanduku kubwa kama ghala la mahindi. Nyuma ya sanduku, akiwa amefungwa nalo kwa mikanda, akatoka bwana mmoja mwembamba. Akasimama barazani, akajiweka sawa, akakohoa, akasema, "Hamjambo, walimwengu." Kisha wapagazi wakaligeuza sanduku kwa taabu, wakamrudisha ndani, na mlango ukafungwa.

Tunu akamkimbilia mpagazi wa mwisho, aliyekuwa akihema kama mvukuto. "Samahani, kaka. Mmebeba nini?"

"Maktaba."

"Yote hiyo, kwa salamu moja?"

"Dada, salamu ni ndogo, lakini utaisemaje bila Maktaba? Humo mna chombo cha kukohoa, chombo cha kupima urefu wa salamu, na kofia."

"Kofia?"

"Kofia za kusalimia watu wa mataifa yote. Akipita mtu wa Visiwa vya Juu, hasalimiwi ila kwa kofia yenye manyoya."

"Hupita mara nyingi?"

"Walishakwisha wote enzi za babu yangu." Mpagazi akajifuta jasho. "Lakini akitokea?"

Ndivyo ilivyokuwa sheria ya nchi. Chini ya mlima ulio katikati ya Huria kuna Kiini, na Kiini ndicho kinachotoa moto na maji na kufungua milango yote. Hakuna ajuaye sura yake. Kinachojulikana ni kwamba hakipendi porojo: husikia neno lililosemwa kwa vyombo vya Maktaba, basi. Asiye na Maktaba hasikiki, na atakaa gizani na kiu yake. Na kwa kuwa Wahuria wanajivunia uwazi, masanduku hayo hayana vifuniko. Kila mpita njia ana haki ya kuchungulia, akaona upungufu, akaongeza chake. Wameongeza vizazi kwa vizazi, kwa moyo safi kabisa. Kuongeza ni haki ya kila raia. Kupunguza hakuna aliyewahi kukupigia kura.

Sokoni Tunu alimkuta mzee akimimina maziwa kutoka mtungi mkubwa kwenda kikombe kidogo bila kutazama. Kikombe kikajaa, maziwa yakatiririka barabarani. Papo hapo wakatokea maofisa wawili wenye majoho. Wakakitazama kikombe, wakanong'onezana kwa heshima zote, kisha wakatoa ndoo na brashi, wakampaka punda wa yule mzee rangi ya kijani kuanzia masikioni hadi mkiani.

"Kosa la punda ni lipi?" Tunu akauliza.

"Hana kosa," akajibu ofisa mmoja, akichovya brashi. "Kitabu chetu cha Sanifu kinasema la kufanya kikombe kikitosha. Kisipotosha, hakisemi. Na pale Sanifu isiposema, lolote linaweza kutokea, na likitokea ni halali."

"Lolote?"

"Juzi mmoja tulimpa uwaziri."

Mzee mwenyewe hakuonekana kukasirika. Alimpiga punda kofi la upendo shingoni, akaufuta mkono kwenye kanzu. "Mimi nina bahati," akasema. "Ndugu yangu mwaka jana alimwaga hivihivi, na halikutokea lolote. Mpaka leo hapati usingizi."

Tunu akacheka mpaka akashika ukuta. Alikuwa ameshaanza kuipenda nchi hiyo, kama mtu anavyompenda mjomba mlevi.

Katikati ya soko palikuwa na kigingi. Mtu akikiomba Kiini kitu akanyimwa, sababu ya kunyimwa hutundikwa kwenye kigingi hicho, naye aende akaisome. Shida ni kwamba kigingi kilikuwa kimoja kwa nchi nzima, na sababu mpya ilipokuja ilitundikwa juu ya ile ya zamani. Kwa hiyo alikuwapo pale kijana wa kiume aliyenyimwa maji ambaye, kwa kuchelewa kidogo, aliwaeleza watu kwa uchungu kuwa amenyimwa kwa sababu yeye si mlango.

Hapo ndipo Tunu alipomwona Bi Mize. Alikuwa mama mtu mzima, mfupi, mwenye kanga mbili zilizokazwa sawasawa, na alikuwa akibishana na kiongozi aliyefungwa kwenye sanduku kubwa kuliko yote. Kiongozi huyo alikuwa Mlezi Mkuu wa Maktaba, Mheshimiwa Utangamano.

"Mheshimiwa, daraja la Kidogoni ni la kamba," Bi Mize alikuwa akisema. "Linabeba mtu na mbuzi wake. Halibebi ghala."

"Na ombi lako limepokelewa," akasema Utangamano kwa upole. "Kamati ya kupanua daraja imeundwa."

"Iliundwa nikiwa mwari."

"Basi unaona tulivyo makini."

Mikanda ikavutwa, wapagazi wakanyanyua, Mheshimiwa akaondoka akipepea juujuu kama nguo kwenye kamba. Bi Mize akabaki ameshika kiuno.

"Shikamoo, mama," Tunu akasema.

"Marahaba, mwanangu. Wewe si wa huku. Mgongo wako umenyooka."

Wakakaa kando, na Bi Mize akamweleza. Yeye alikuwa mkunga wa Kidogoni, kitongoji kilicho ng'ambo ya korongo, kwenye baridi na ukungu. Hakuna Maktaba iliyowahi kuvuka kwenda huko. Kwa hiyo Kidogoni hakuna moto wala maji ya moto, na watoto huzaliwa kwenye baridi. Wengine huishi. Binti wa jirani yake, Saumu, alimpoteza mtoto wa kwanza kwa baridi hiyo, mikononi mwa Bi Mize mwenyewe, na sasa alikuwa mjamzito tena, na siku zake zilikuwa zimekaribia.

"Nilimsugua kwa viganja vyangu mpaka vikachubuka," Bi Mize akasema. "Viganja si moto, mwanangu."

Tunu hakucheka tena. Akaangalia masanduku yaliyokuwa yakipita barabarani yakigongana pembe kwa pembe.

"Mimi nitakushonea Maktaba ndogo," akasema. "Utaifunga kiunoni."

Bi Mize akamtazama kama mtu anayetazama mgonjwa wa homa. "Umekula leo?"

"Bado."

"Twende ukale kwanza, halafu useme tena."

Tunu akala, akasema tena. Wakapanga chumba ukingoni mwa soko, na asubuhi yake Tunu akaenda kuomba kuisoma Sanifu. Mtunzaji wake aliitwa Bi Kipengele, mama mpole mwenye miwani, ambaye alishtuka mpaka akamwaga chai yake.

"Kuisoma?" akauliza. "Watu huja kuiapia. Wengine huja kuibusu. Kuisoma, hapana, sijawahi kupata mtu."

Ilikuwa imeandikwa kwa lugha kavu kama ubao, lakini Tunu alikuwa amezoea maandishi ya namna hiyo, na kadiri alivyosoma ndivyo alivyoanza kutabasamu. Sanifu ilitaka chombo cha kupima, na cha kumimina, na cha kupanga, na cha kusema, na cha kuomba nafasi na kuirudisha, na pembe ya kutangazia saa. Ilitaka kofia moja tu, tena ya kawaida. Kuhusu manyoya ilikuwa kimya. Kuhusu ukubwa wa sanduku ilikuwa kimya. Hata neno sanduku lenyewe halikuwamo.

"Mama," akamwambia Bi Kipengele, "kumbe robo tatu ya mzigo mmejitwika wenyewe."

Bi Kipengele akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. "Usiwaambie kwa sauti," akasema. "Tuna wazee wenye shinikizo la damu."

Tunu akashona. Alichukua ngozi laini, akakata vyombo vidogo vidogo, kila kimoja kikifanya kazi moja na kuifanya vizuri. Alikata tena alichokwisha kukata. Kila alipopata njia ya kufanya vyombo viwili vishirikiane mshono mmoja, alipiga kelele ya furaha, na Bi Mize aliyekuwa akimenya mihogo akaitikia "Ehee!" bila kujua anaitikia nini. Kwenye kila mkoba aliweka na kigingi kidogo cha ndani, ili mtu asome sababu zake mwenyewe, asije akaambiwa kuwa yeye si mlango. Alikuwa na furaha ya kipuuzi, ile ya mtu anayeona kazi yake ikipungua kila siku, na kila inapopungua inakuwa bora zaidi. Mkoba ulipokamilika ulikuwa mdogo kiasi cha kutosha kwenye kiganja cha Bi Mize. Akaurusha juu, akaudaka.

"Na kweli humu mna Maktaba?"

"Yote inayotakiwa."

"Mbona mimi mwenyewe najisikia kupaa!"

Wakaupeleka kwenye Baraza la Walezi, kwa sababu bila idhini ya Baraza hakuna Maktaba inayotambuliwa. Ukumbi ulikuwa mpana kama uwanja wa mpira, na bado masanduku yalibanana, wajumbe wakaonekana juu yake kama kuku waliotua juu ya paa. Mkoba ukazungushwa. Wengine waliunusa. Mjumbe mmoja aliuliza zilipo kofia, akaambiwa ni moja, akazimia, akafufuliwa kwa mojawapo ya kofia zake.

Mheshimiwa Utangamano akasimama, kwa kadiri mikanda ilivyomruhusu. "Swali langu ni la pembe," akasema. "Pembe ya mkoba huu inalia mara ngapi?"

"Mara moja, Mheshimiwa," akasema Tunu. "Kama Sanifu inavyotaka."

Ukumbi ukaguna.

"Pembe ya Maktaba yetu hulia mara mbili," akasema Utangamano.

"Hilo ni kosa, Mheshimiwa. Sanifu inasema mara moja."

"Tunajua kuwa ni kosa! Ni kosa letu, tumelilea. Mji mzima wa Kwanyuma huepua chai mlio wa pili ukilia. Wewe unataka watu wa Kwanyuma wanywe chai iliyochemka nusu?"

"Na wale wasioupenda mlio wa pili," akadakia mjumbe mwingine, "wameziba masikio kwa nta. Wafuga nyuki wetu watamuuzia nani nta?"

"Na mimi," akasema wa tatu kwa sauti ya kilio, "mlio wa pili ndio uliolia nilipokuwa namposa mke wangu!"

Wakajadili. Palitolewa pendekezo kwamba pembe ilie mara moja na nusu. Palitolewa jingine kwamba ilie mara mbili lakini ya kwanza isihesabiwe. Kamati ndogo iliundwa, ikajifungia kwenye sanduku la mmoja wao kwa kukosa chumba. Tunu, aliyekuwa amewahi kukaa kwenye mijadala ya namna hiyo kwao, tena kwa mambo madogo kuliko pembe, alijikuta akiinua mkono kutoa hoja, akaushusha kwa mkono wa pili.

Ndipo ikasikika sauti kutoka ng'ambo ya korongo. Wanawake wa Kidogoni walikuwa wakiita kwa zamu, kila mmoja akimpokea mwenzake, mpaka neno likafika ukumbini likiwa zima: Saumu ameshikwa na uchungu.

Bi Mize akanyanyuka. Akauchukua mkoba kutoka mkononi mwa mjumbe aliyekuwa akiunusa kwa mara ya pili, akaufunga kiunoni juu ya kanga.

"Bi Mize," akasema Utangamano, na sauti yake safari hii haikuwa ya ofisi. "Mkoba huo haujaidhinishwa. Mtu kutumia Maktaba isiyoidhinishwa, Sanifu haisemi. Nakusihi. Ukiutumia, lolote linaweza kutokea."

"Lolote?"

"Lolote."

"Hata moto kuwaka?"

Utangamano akamgeukia mtunzaji wa Sanifu. Bi Kipengele, kwenye kona yake, akaanza kufunua kurasa kwa haraka, kisha akainua uso uliojaa mshangao. "Hata moto kuwaka," akasema. "Halijakatazwa."

Bi Mize alikuwa ameshafika mlangoni.

Walikimbia, yeye mbele na Tunu nyuma, na nyuma yao Baraza zima likafuata, kwa sababu sheria inawataka maofisa wawepo pale lolote linapotokea, na ndoo ya rangi ya kijani iwe karibu. Lakini wapagazi walikuwa wazito na njia ilikuwa nyembamba, hivyo wanawake wale wawili walivuka daraja la kamba likiyumba chini yao, nao wajumbe wakaishia ukingoni, masanduku yao yamekwama.

Saumu alikuwa amelala kwenye chumba cha udongo chenye ukungu ndani kwa ndani. Alimshika Bi Mize mkono. "Usiniache na baridi tena, mama," akasema.

"Sikuachi."

Bi Mize akaufungua mkoba, akaweka midomo kwenye chombo cha kusemea kama alivyofundishwa, akasema kwa utaratibu, "Moto."

Jiko likabaki jeusi.

"Moto," akasema tena.

Hakuna kitu. Saumu akalia kwa uchungu. Tunu akauvuta mkoba, akakitazama kile kigingi kidogo cha ndani. Kigingi kilikuwa kitupu. Hapakuwa na sababu yoyote ya kunyimwa.

"Hatujanyimwa," akasema. "Neno halijafika."

Hapo akakumbuka. Ili Kiini kisisumbuliwe kwa kila neno, alikuwa ameshona kifuko kwenye chombo cha kusemea, maneno yakae humo mpaka kijae, ndipo yaende kwa pamoja. Hilo lilikuwa jambo la busara. Kisha, katika ile furaha yake ya kupunguza, alikuwa amekata kamba ya kuvuta ili maneno yatoke kabla kifuko hakijajaa. Uzito wa kamba ulikuwa wa unyoya. Aliikata akiimba.

"Bi Mize," akasema, "maneno yako yamo humuhumu ndani. Yanangoja wenzake. Ongea! Sema chochote, jaza!"

Bi Mize hakuhitaji kuombwa mara mbili. Alikuwa na ya kusema tangu alipokuwa mwari.

"We mkoba usiye na haya!" akaupigia kelele. "Nimekwambia moto! Mama mzazi anatetemeka hapa, nawe umefunga mdomo kama mkwe aliyenuna! Fungua! Fungua mdomo huo kama mlango wa boma! Na ile kamati ya daraja, waliozeeka wamekaa, niwaone wametoka jasho kama maji ya chungu! Na pembe yenu, iwe moja, iwe mbili, hakuna mtoto aliyewahi kupashwa joto kwa pembe! Na wewe, uliye chini ya mlima, kama una masikio..."

Kifuko kikajaa. Mkoba ukatoa mlio mdogo, kama mtu aliyemeza kitu, na yote yakaenda kwa mkupuo mmoja.

Kiini, kama ilivyoelezwa, hakipendi porojo. Katika hotuba ile yote kilichagua maneno kinayoyajua. Kilisikia moto, na moto ukawaka, si kwenye jiko la Saumu tu bali kwenye kila jiko la Kidogoni, hata kwenye majiko ambayo kuku walikuwa wakitagia. Kilisikia mlango, na milango yote ya kitongoji ikafunguka kwa kishindo, mabanda ya mbuzi pamoja. Kilisikia maji ya chungu, na vyungu vyote vikajaa mpaka shingoni, na juu ya moto ule maji yakaanza kuimba. Mbuzi walitoka mbio. Kuku waliruka. Wanawake wa Kidogoni, ambao hawakuwahi kuona miali ndani ya nyumba zao, walipiga vigelegele huku wakifukuza mbuzi, na katikati ya vurugu hiyo yote, kwenye chumba chenye joto, Saumu akajifungua mtoto wa kike mwenye hasira.

Alilia kwa nguvu, sauti yake ikavuka korongo.

Ng'ambo, Mheshimiwa Utangamano alisikia. Waliokuwa karibu wanasema alikuwa akitazama moshi unaopanda Kidogoni, moshi ambao hakuna ofisi iliyouidhinisha. Kisha akasema, "Nifungueni mikanda."

"Mheshimiwa?"

"Nifungueni, kabla sijawa na akili."

Wakamfungua. Akashuka, akaweka miguu kwenye mbao za daraja, na hatua ya kwanza ikamrusha juu kuliko alivyotarajia. Alikuwa hajawahi kutembea bila mzigo tangu utoto. Akapiga ya pili, akacheka kicheko chembamba kisichofanana na cheo chake. Alivuka lile daraja akirukaruka kama mwana-mbuzi, joho limepanda mpaka magotini, akiita, "Nina magoti! Jamani, mimi nina magoti!" Wajumbe wengine wakaanza kufunguana mikanda, na ndoo ya rangi ikapinduka, na hakuna aliyeijali.

Utangamano alipomwona mtoto, akanyoosha mikono. Bi Mize akampakatisha. "Mzito kidogo kuliko Maktaba," akamwambia. Naye akalia bila kujificha, na hapohapo, akiwa na mtoto mikononi, akatamka idhini.

Tunu alirudisha ile kamba siku hiyohiyo, akaishona mara mbili. Kisha akashona mikoba mingine, na kila aliyepata aliwafundisha wengine kushona, kwa kuwa hakuna kitu kilichofichwa. Huria ikalewa wepesi. Watu walitoka kuwasalimu walimwengu asubuhi, mchana na jioni, bila sababu, kwa raha tu ya kutoka. Wapagazi, mabingwa wa mabega, walianzisha vikundi vya ngoma vilivyotikisa mitaa. Watu wa Kwanyuma walikunywa chai iliyochemka nusu kwa muda, wakanuna, halafu mmoja wao akagundua kwamba unaweza kuitazama chai.

Ndipo foleni ikaanza mbele ya chumba cha Tunu.

Wa kwanza alileta kofia, moja tu, ya manyoya, ya kumbukumbu. Wa pili alileta chombo cha kukunia nazi, kidogo mno, kisichozidi kidole. Wa tatu alileta kifaa alichokibuni mwenyewe na hakujua kinafanya nini, lakini kilikuwa kizuri. Walikuwa watu wema. Walileta vitu vyao wamevikumbatia, na Tunu akawaambia hapana, mmoja baada ya mwingine, na kila hapana ilimchosha kuliko kushona mkoba mzima. Hata Utangamano alipanga foleni, akaomba mlio wa pili, hata wa kunong'ona. Tunu akakataa. Mheshimiwa akainama kwa adabu, akarudi mwisho wa foleni kujaribu tena.

Jioni moja, foleni ikiwa bado ndefu, Bi Mize akaja akapita mbele ya wote, kama mkunga anavyopita. Akatoa kwenye pindo la kanga taa ndogo aliyoichonga kwa mkono wake, ya kumulika kichwa cha mtoto anapotoka. Ilikuwa imetengenezwa vizuri kuliko chombo chochote cha Tunu. Ilikuwa na kazi. Uzito wake haukuhisika.

"Hii tu," akasema. "Baada ya hii sitaki kingine."

Tunu akaigeuzageuza mkononi. Alijua kwamba hata kama angewakatalia wote nchini, asingeweza kumkatalia huyu. Kwa hiyo akaufungua kiunoni mwake mkoba wa kwanza, aliobaki nao kama kielelezo cha kushonea mingine, akamfunga Bi Mize, akamrudishia taa yake mkononi.

"Mimi nakwenda kwetu, mama," akasema. "Kuanzia sasa mlezi ni wewe. Anayeamua kinachoingia ni wewe."

"Mimi? Mbona ghafla hivi?"

"Wewe unajua mkoba huu ni wa nani na ulivuka kwenda wapi. Kaa hapa."

Bi Mize akaketi kwenye kigoda. Akaufungua mkoba, akachungulia ndani, na mlikuwa na nafasi ndogo, inayolingana kabisa na taa. Mbele yake foleni ilisogea, kofia na vikunio vimetulia mikononi mwa watu, kila mmoja akinyoosha shingo kuona mkunga atafanya nini.

Akaitazama taa. Akaupima mkoba kwenye kiganja, akageuza uso upande wa korongo, kulikoning'inia lile daraja la kamba.

Kisha akaifunga taa kwenye pindo la kanga, akalikaza fundo, akainua kichwa.

"Hapana," akasema. "Haya, nani anafuata?"